Taya Linapouma: Kuchunguza Mng'ato na Kiungo cha Taya Kabla ya Kung'oa Jino

Mgonjwa anayeingia katika chumba cha kinywa na meno huku ameshika shavu kwa kiganja huwa amekwisha kuutaja ugonjwa wake kabla hajaketi. Atasema jino linamuuma, ataonyesha upande, atahesabu siku alizokesha, na mara nyingi ataomba ling'olewe siku hiyohiyo. Kwa wengi ombi hilo lina msingi, kwa kuwa jino limetoboka hadi kwenye kiini au fizi imejaa usaha, na nafasi ya kuliokoa imepita. Lakini wapo ambao kioo na taa havionyeshi tundu lolote, jino likigongwa halilalamiki, fizi ni safi, na bado maumivu ni ya kweli. Hawa ndio wanaohitaji daktari anayejua kuchunguza kiungo cha taya, misuli yake na mng'ato, yaani jinsi meno ya juu yanavyokutana na ya chini mtu anapofunga kinywa.

Makala haya yanamlenga mtoa huduma aliye katika mazingira kama ya Kituo cha Afya Mjimwema, katika Manispaa ya Songea, pamoja na mgonjwa anayemtegemea. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma ipo mjini humohumo, lakini Muhimbili ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Kipimo cha sumaku kinachoonyesha tishu laini za ndani ya kiungo si kitu cha kuagizwa kila wiki. Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi huu haihitaji mashine. Huhitaji maswali yaliyopangwa, vidole viwili, rula yenye milimita, na dakika kumi na tano za utulivu. Hizo dakika ndizo adimu kuliko vyote foleni inapokuwa ndefu.

Uharaka hapa una gharama isiyorudishika. Maumivu ya misuli ya kutafunia yana tabia ya kusikika mahali pengine: msuli wa shavuni huweza kuumia, mgonjwa akahisi magego ya chini ndiyo yanayouma, msuli wa kando ya kichwa huweza kuumia, akahisi meno ya juu. Gego zima likiondolewa kwa sababu hiyo, maumivu hupoa siku chache, kisha hurudi. Mgonjwa hurejea akiomba la pili. Wapo wanaopoteza magego matatu au manne ya upande mmoja kwa mtindo huo, na mwisho wa safari hiyo wanakuwa na maumivu yaleyale pamoja na kinywa kisichoweza kutafuna.

Kiungo chenyewe

Ukiweka ncha ya kidole mbele tu ya tundu la sikio na kufungua kinywa, utahisi kitu kikiviringika na kusogea mbele. Hicho ni kichwa cha taya la chini kikitoka katika kishimo chake chini ya fuvu. Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani chembamba cha tishu ngumu kama gegedu, kinachosafiri pamoja na kichwa cha taya ili mifupa isisuguane. Mwanzo wa kufungua kinywa, kichwa huzunguka mahali palepale; kinywa kinapoendelea kupanuka, huteleza mbele na chini. Viungo viwili, cha kulia na cha kushoto, vimeunganishwa na mfupa mmoja. Kimoja hakiwezi kwenda bila kumbughudhi mwenzake.

Kisahani kikisogea kutoka mahali pake, kichwa cha taya hukirukia kinywa kinapofunguka, na hapo husikika mlio, "tak". Mlio huu huwatisha wagonjwa kupita kiasi. Mlio peke yake, usio na maumivu na usiozuia kinywa kufunguka, hupatikana kwa watu wengi walio wazima, na kwa kawaida hauhitaji tiba zaidi ya maelezo. Hali ni tofauti pale mlio uliokuwapo kwa miezi unapokoma ghafla na siku hiyohiyo kinywa kikashindwa kufunguka kama zamani. Kisahani kimekwama mbele, na kukoma kwa mlio si kupona.

Misuli ya kutafunia ni jozi nne. Miwili kati yake hufikiwa kwa vidole kutoka nje: ule wa shavuni, unaotutumka mtu akibana meno, na ule mpana kama kipepeo ulio kando ya kichwa juu ya sikio. Kwa wagonjwa wengi wa taya, chanzo cha maumivu ni misuli kuliko kiungo, ingawa wote huonyesha "hapa karibu na sikio".

Lawama iliyowekwa juu ya mng'ato

Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, alieleza wagonjwa 11 waliokuwa na maumivu ya sikio, kuziba kwa masikio na kizunguzungu. Alihusisha dalili hizo na kupotea kwa magego: taya, kwa maoni yake, lilipanda kupita kiasi likabana sehemu za nyuma ya kiungo. Maelezo yake ya kianatomia hayakusimama baada ya kuchunguzwa na wengine, lakini wazo lilibaki na kukua. Kwa miongo kadhaa madaktari wa meno duniani walifundishwa kwamba mng'ato usio kamili ndio mama wa maumivu ya taya, na kwamba tiba ni kusawazisha meno kwa kuyachonga, au kuyajenga upya yote.

Kama hoja hiyo ingekuwa kweli, Tanzania ingekuwa nchi ya maumivu ya taya, kwa kuwa kung'oa kumekuwa kwa miaka mingi huduma ya meno inayotolewa kuliko nyingine zote na watu wazima wengi wanaishi bila baadhi ya magego. Hapa nchini ndipo swali lilipopimwa kwa idadi kubwa ya watu. Daktari Sarita wa Muhimbili, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nijmegen cha Uholanzi, alichunguza watu wazima 725 waliopoteza magego kwa viwango mbalimbali na kuwalinganisha na 125 waliokuwa na safu kamili. Chuo hicho ndicho alikofanyia kazi Arnd Käyser, aliyeeleza tangu 1981 kwamba safu fupi ya meno huweza kumtosheleza mtu. Matokeo ya Tanzania yalichapishwa mwaka 2003. Hayakuonyesha ushahidi kwamba safu iliyofupishwa, kwa yenyewe, huleta dalili za ugonjwa wa kiungo cha taya.

Utafiti huo ulikuwa na sehemu ya pili, ambayo haipaswi kusahauliwa katika chumba chenye koleo za kung'olea. Pale ambapo tegemeo lote la meno ya nyuma lilikuwa limekwisha, upande mmoja au pande zote mbili, uwezekano wa maumivu na milio ya kiungo ulionekana kuongezeka. Katika kuchambua uwezo wa kutafuna, watafiti hao waliona kwamba aliyebakiwa na magego madogo yote na walau jozi moja ya magego makubwa inayokutana alitafuna vya kutosha, ilhali waliobakiwa na jozi mbili au pungufu za magego madogo walipata taabu kubwa, hasa kwa vyakula vigumu. Kwa mkulima wa Ruvuma, anayekula mahindi ya kuchoma, kande na miwa, hiyo si taabu ya anasa.

Ukiyaweka pamoja, ujumbe kwa mtoa huduma ni wa kushangaza kidogo: pengo la gego moja au mawili si maelezo ya kutosha ya maumivu ya taya, lakini mfululizo wa kung'oa magego ili kutibu maumivu hayo huweza kumfikisha mgonjwa katika kundi lenye hatari zaidi. Kuhusu kuchonga meno mazima ili "yakutane vizuri", mapitio ya Cochrane ya mwaka 2003 hayakupata ushahidi kwamba huko kunatibu wala kuzuia matatizo haya. Enameli iliyochongwa hairudi.

Maswali kabla ya kioo

Mgonjwa wa Kiswahili hutumia neno "mshipa" kwa mambo mengi. Mshipa unaweza kuwa wa damu, wa fahamu, msuli, au henia. Anaposema "mshipa unanivuta kutoka hapa mpaka kichwani", daktari asikimbilie kutafsiri, amwombe aonyeshe: "Mama, hebu niwekee kidole kimoja tu mahali panapouma zaidi." Anayeweka ncha ya kidole juu ya jino fulani, anayegusa mbele ya sikio, na anayepapasa shavu zima kwa kiganja wanatoa habari tatu tofauti, ingawa wote watatu walisema jino linauma. Hicho ni kidokezo tu na uchunguzi wa vidole lazima ufuate, lakini ni kidokezo kisichogharimu kitu.

Kisha yafuate maswali matatu yenye thamani kubwa kuliko mengine. Katika siku 30 zilizopita, maumivu ya taya au ya kando ya kichwa yamekuwa ya kuja na kuondoka, au hayakatiki? Je, huamka asubuhi taya likiwa zito, limekakamaa au linauma? Na je, maumivu hubadilika, yakazidi au yakapungua, unapotafuna kitu kigumu, unapopiga miayo, unapoongea kwa muda mrefu au unapobana meno? Maumivu yasiyobadilika kabisa na mwendo wa taya hayaelekei kuwa ya kiungo wala ya misuli yake. Maumivu yanayoletwa na maji baridi na kudumu dakika kadhaa huelekeza kwenye kiini cha jino. Yanayopita kama shoti ya umeme kwa sekunde chache mtu anapogusa uso au kuosha kinywa huelekeza kwenye mshipa wa fahamu wa uso, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Maumivu ya kichwa yanahitaji kuulizwa kwa jina. Wapo wagonjwa wanaokunywa dawa ya malaria kila baada ya wiki chache, bila kupimwa, kwa ajili ya kichwa kinachouma kando, ilhali kichwa hicho huuma baada ya kutafuna au wakiamka kutoka usingizini wakiwa wamesaga meno. Wengine wamezungushwa kati ya vyumba vya masikio na vya meno mpaka wakachoka. Mwenza au mtoto anayelala karibu ndiye shahidi mzuri wa kusaga meno usiku; mwenyewe mara nyingi hajui.

Sehemu ngumu ya mahojiano ni usingizi na mawazo. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 2006, uliofuatilia watu wasio na ugonjwa ili kuona nani ataupata, ulionyesha kwamba usingizi duni, maumivu mengine mwilini na mzigo wa kisaikolojia vilitangulia ugonjwa kwa wengi. Kumwuliza mgonjwa kuhusu mambo haya si kumwambia kwamba maumivu yake ni ya kufikirika, na inafaa aambiwe hivyo waziwazi, kwa maneno kama: "Mzee, misuli hii inachoka mwili unapokosa kupumzika, ndiyo maana nauliza unalalaje." Mgonjwa akihisi anadharauliwa, hatarudi, au atarudi kwa mtu atakayekubali kung'oa.

Mikono na rula

Vigezo vya uchunguzi vinavyotumika duniani leo vilichapishwa mwaka 2014, vikiboresha vile vya mwaka 1992 vilivyokusudiwa watafiti. Uzuri wake kwa kliniki ndogo ni kwamba vinategemea zaidi mgonjwa na vidole vya mchunguzi.

Kwanza, mgonjwa akiwa ameketi wima, mchunguzi atazame kutoka mbele. Je, uso umelingana? Kidevu kiko katikati? Kinywa kifunguliwe polepole mara tatu, na jicho lifuate mstari wa katikati ya meno ya mbele ya chini. Taya linaloenda upande kisha likarudi katikati, likiandamana na mlio, huashiria kisahani kinachorudi mahali pake. Taya linaloenda upande na kubaki huko, bila mlio na kwa mfunguko mdogo, huashiria kisahani kilichokwama upande huohuo ambao kidevu kimeelekea, au jeraha la kichwa cha taya.

Kisha upimwe mfunguko. Rula iwekwe kati ya ncha za meno ya mbele ya juu na ya chini, kinywa kikiwa wazi kadiri mgonjwa awezavyo. Jumlisha kiasi ambacho meno ya juu huyafunika ya chini kinywa kinapofungwa. Mwenye milimita 31 na mfuniko wa milimita 3 ana mfunguko wa milimita 34. Kwa mtu mzima, chini ya milimita 40 ni mfunguko mfinyu unaostahili maelezo. Andika pia ni milimita ngapi anafungua bila maumivu, kwa kuwa namba hiyo ndiyo itakayoonyesha maendeleo. Pasipo rula, vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vikisimamishwa kati ya meno, ni kipimo cha haraka kinachomfaa hata mtoto, kwa kuwa vidole na taya vyake vimekua pamoja. Kinywa kikigoma, mchunguzi aongeze kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, kwa ruhusa ya mgonjwa. Kikilegea na kuongezeka huku kikiuma, kizuizi kina dalili ya misuli. Kikigonga kama mlango uliokomewa, kizuizi kina dalili ya kiungo.

Hatua ya kubonyeza ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa kuwa kila mkono una nguvu yake. Misuli ya shavuni na ya kando ya kichwa hubonyezwa kwa nguvu ya takribani kilo moja, kwa sekunde mbili kila mahali. Ncha ya nje ya kiungo, kwa nusu kilo. Njia rahisi ya kujifunza ni kubonyeza mizani ya jikoni kwa kidole cha shahada, ukitazama mshale, mpaka kidole kikumbuke chenyewe. Wanaojaribu kwa mara ya kwanza hugundua ama wanapapasa tu, ama wanamwumiza kila mtu. Kila baada ya kubonyeza, swali ni moja: "Haya ndiyo maumivu yaliyokuleta, au ni maumivu mageni ya kubonyezwa kwangu?" Msuli wowote ukibonyezwa sana huuma. Maumivu anayoyatambua mgonjwa, yale aliyokuja nayo, ndiyo yenye maana ya kitabibu.

Kusoma mng'ato

Baada ya hayo ndipo mng'ato uchunguzwe. Zihesabiwe jozi za meno ya nyuma zinazokutana kweli kila upande, kwa kuwa gego la chini lisilo na mwenzake wa juu halitegemezi chochote. Yaangaliwe meno yaliyosagika bapa, alama za meno pembezoni mwa ulimi, na mstari mweupe ndani ya shavu. Hizi ni dalili kwamba meno yamekuwa yakibanwa, wakati wowote uliopita, na hazithibitishi kwamba ndizo zinazoleta maumivu ya leo. Mpangilio wa tangu utotoni, kama vile meno ya mbele yasiyokutana au chonge zilizokosekana kwa sababu mtoto alikatwa fizi kwa kile kinachoitwa "meno ya plastiki", unastahili kuandikwa, lakini mtu aliyeishi nao miaka thelathini bila maumivu hakuanza kuumwa mwezi uliopita kwa sababu yake.

Swali linalofaa zaidi kuliko yote kuhusu mng'ato ni hili: umebadilika? Mgonjwa anayesema "zamani meno yangu yalikuwa yanakutana, sasa hayakutani" anatoa habari nzito. Kama aliwekewa ujazo wiki iliyopita, karatasi ya rangi ya kupimia mng'ato itaonyesha mahali palipoinuka, na kusawazisha ujazo huo ni haki yake. Hapo kinachochongwa ni kazi ya daktari, jino halikuguswa. Kama alianguka na bodaboda akapiga kidevu, magego yanayogusana mapema upande mmoja, huku kidevu kikielekea upande huohuo, ni dalili ya kuvunjika kwa shingo ya taya hata kama kidevuni kuna kidonda kidogo tu kilichoshonwa. Zikivunjika pande zote mbili, meno ya mbele hubaki wazi na ya nyuma pekee hukutana. Kwa mwenye baridi yabisi ya viungo vingi, meno ya mbele yanayoachana taratibu kwa miezi huashiria kwamba vichwa vya taya vinalika. Katika hali zote hizi mng'ato ni matokeo. Anayeuchonga ili ukutane tena huwa anafuta ishara na kuuacha ugonjwa.

Yasiyopaswa kupita mlangoni

Kinywa kisichofunguka si lazima kiwe na ugonjwa wa kiungo. Aliyechomwa mguu na msumari au aliyejikata jembe, akaja siku kadhaa baadaye taya likiwa limekaza na shingo ikianza kukakamaa, ana pepopunda mpaka ithibitishwe vinginevyo, na nafasi yake ni wodini. Homa, uvimbe chini ya taya, ugumu wa kumeza na sauti iliyobadilika ni usaha unaosambaa kutoka kwenye gego, na huweza kuziba njia ya hewa kabla ya kesho. Gego la mwisho lililoota nusu na fizi yake kuvimba ni sababu ya kawaida zaidi, na hutibika pale kituoni. Kijana aliyeanza dawa kama haloperido au metoklopramaidi, kisha taya lake likajikunja au kukaza ghafla, anahitaji dawa ya kupinga athari hiyo, si kuguswa meno.

Mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua kwa wiki chache, meno yakilegea bila kutoboka, apelekwe mbele siku hiyohiyo: saratani aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala bado ipo Afrika Mashariki, na hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa. Mtoto ambaye kinywa chake kinazidi kufinyika na kidevu hakikui, hasa kama aliwahi kuanguka au kutoka usaha sikioni, huenda kiungo chake kinaungana kuwa mfupa. Kwa mtu mzima, kidonda cha kinywa kilichozidi wiki mbili pamoja na taya kukaza ni cha kuchukuliwa kipande kupimwa. Watafunaji wa popoo, ambao ni wengi zaidi pwani, huweza kupata makovu ya shavu yanayofunga kinywa polepole.

Taya lililoteguka ni kinyume cha haya yote, maana kinywa hubaki wazi na hakifungiki, mara nyingi baada ya miayo mikubwa au baada ya kung'olewa gego kwa muda mrefu. Njia ya kulirudisha ni ya kale mno. Imeelezwa katika mafunjo ya Misri yajulikanayo kwa jina la Edwin Smith na haijabadilika sana. Vidole gumba, vikiwa vimefungwa shashi, huwekwa nyuma kabisa kando ya magego ya chini, mgonjwa akiwa ameketi chini ya usawa wa viwiko vya daktari. Hushindiliwa chini kwanza, kisha nyuma. Kama kulikuwa na ajali, picha ya mionzi itangulie.

Tiba inayoweza kurudishwa nyuma

Yakiondolewa hayo, wengi wa waliobaki hupata nafuu kwa hatua ndogo. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la BMJ, kuhusu maumivu sugu ya taya, uliunga mkono kwa nguvu mazoezi ya taya, kunyoosha misuli na tiba za kisaikolojia, na kukataa tiba zisizorudishika. Hayo yako ndani ya uwezo wa kituo cha afya.

Mgonjwa aelezwe kwanza, kwa picha ya mkono ukifunga na kufungua ngumi: misuli iliyobanwa usiku kucha lazima iume. Kwa wiki mbili au tatu ale vyakula laini, ugali kwa mboga iliyoiva, maharage yaliyolainika, ndizi, parachichi, na aache miwa, mahindi ya kuchoma na ya kukaanga. Atafune pande zote mbili. Ajizoeze kwamba mchana, asipokula, midomo hufungwa lakini meno hayagusani. Kazi ya meno kugusana kwa siku nzima ni dakika chache tu. Kitambaa cha maji ya moto yenye kuvumilika kiwekwe shavuni dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, na baada yake kinywa kifunguliwe polepole mpaka mwanzo wa maumivu, mara sita, bila kulazimisha. Akipiga miayo, ategemeze kidevu kwa ngumi. Parasetamo au ibuprofeni kwa siku chache husaidia, isipokuwa ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito. Dawa za kuua vijidudu hazina kazi hapa, ingawa huombwa sana.

Kinga ya plastiki ngumu inayovaliwa usiku huyalinda meno ya anayesaga, na wengine hupata nafuu nayo. Ifunike meno yote. Vipande vidogo vinavyofunika meno machache huyaacha mengine yakue na kubadili mng'ato wenyewe.

Baada ya wiki nne hadi sita rula itumike tena. Asiyepata nafuu, au ambaye mfunguko wake umepungua, apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na barua yake isiseme tu "maumivu ya taya". Iandikwe tarehe maumivu yalipoanza, mfunguko bila maumivu na mfunguko wa juu kabisa kwa milimita, upande ambao kidevu huelekea, mahali palipobonyezwa yakatokea maumivu anayoyatambua, idadi ya jozi za magego zinazokutana kulia na kushoto, dawa alizotumia, na meno gani yalikwishang'olewa kwa ajili ya maumivu hayahaya, lini, na kama kung'olewa huko kulisaidia.